Deni la Simu, Bei ya Bima

Nitasema hapa Voi kwa lugha tunayonunulia nyanya sokoni, kwa sababu jambo lenyewe, bei ya bima ya gari, ni la mfuko wa kila mmoja wetu.

Naanza na mashamba. Wazee wetu wa Dawida, hapa Taita, hawakuwa watu wa shamba moja. Nyumba ilikuwa na kipande kule juu ukungu unakolala, cha ndizi na maharagwe, na kipande kingine chini kwenye joto, cha mtama na baadaye mahindi. Mtu alipanda na kushuka mlima msimu mzima, magoti yakimuuma, kwa sababu alijua kwamba mvua ikikatika bondeni, huko juu kutabaki cha kupika. Aliigawa hasara kabla haijamfikia. Bima ya leo, yenye karatasi na mihuri, imetoka kwenye akili hiyohiyo: tunachanga wengi, likimwangukia mmoja tunamwinua.

Kila mmoja achange kiasi gani? Hapo ndipo penye ubishi. Dereva wa lori anayekesha kwenye barabara ya Mombasa na mwalimu ambaye gari lake hushinda limeegeshwa hawawezi kulipa sawa, na sina neno na hilo. Neno langu ni juu ya kipimo. Huko Marekani, tangu miaka ya 1990, kampuni za bima ya magari zimekuwa zikitazama rekodi ya mtu ya kulipa madeni na kuigeuza kuwa alama, na alama hiyo inasaidia kupanga bei. Dereva asiyewahi kugonga hata kuku anaweza kulipishwa zaidi kwa sababu alichelewesha malipo ya kadi ya benki.

Mtaniambia hayo ni ya Marekani. Kweli, hapa kwetu bei ya bima ya gari bado hutegemea zaidi thamani ya gari, kazi linayofanya na madai yaliyotangulia. Lakini rekodi ya deni imeshapita mlango wa uani. Ngoja niwaeleze ilivyomkuta jirani yetu wa Wusi, kule mlimani.

Jirani huyu ana gari aina ya Probox. Usiku anapakia kabichi na sukuma wiki kutoka kwenye matuta ya Wusi, alfajiri anashuka Mwatate, jua likichomoza yuko soko la Voi. Mwaka 2017, ukame ulipotukamata, shamba lake la bondeni halikutoa kitu. Alikopa kwa simu shilingi 2,300 anunue unga. Akachelewa kulipa, laini ikapotea, akasahau. Deni likapelekwa kwenye zile ofisi za rekodi za mikopo tunazoziita CRB. Baadaye alilipa lote pamoja na riba, lakini kwa kanuni zetu rekodi ya deni lililokwama hukaa miaka 5 tangu siku ulipolimaliza.

Mwaka 2019 akataka kukata bima kamili ya gari, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe likiharibika. Ada ya mwaka ilikuwa kubwa, na sheria hairuhusu bima ya kukopa kwa kampuni yenyewe, ada hutangulia. Njia ya wengi ni benki kuilipia kampuni ada yote, nawe ukairudishia benki kwa awamu za kila mwezi. Huo ni mkopo, na mkopo huanza na CRB. Benki ikafungua rekodi, ikaona zile 2,300, ikamkatalia. Akabaki na ile ya watu wengine, thadi pati, ya mwezi kwa mwezi. Nilikaa kwenye kiti cha mbele cha gari lile, nikaona juu ya kioo madoa ya gundi yaliyopangana, kila doa mwezi mmoja wa stika iliyobanduliwa. Ukijumlisha ada za mwezi kwa mwezi, mwaka ukiisha umelipa zaidi ya aliyelipa mara moja, na umepata kinga ndogo zaidi.

Oktoba ile mvua ilinyesha kama mnavyoikumbuka. Kwenye kona moja ya kuteremkia Mwatate udongo ulibomoka ukalibeba gari lake mpaka mtaroni, likiwa limesimama, yeye akiwa nje anakaza kamba za magunia. Hakugonga mtu. Thadi pati haikuwa na kitu cha kumlipa.

Wanaotetea alama za mikopo wana hoja, na ni hoja nzito. Mwaka 2007 Tume ya Biashara ya Marekani ilitoa ripoti juu ya bima ya magari, ikakuta kwamba alama hizi hubashiri madai kweli: wenye alama za chini, kwa jumla, huleta madai mengi zaidi na jumla ya gharama kubwa zaidi. Tusiwaite waongo. Ripoti hiyohiyo ilikuta pia kwamba Wamarekani weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini walijaa kupita kiasi kwenye alama za chini. Kipimo kilibashiri, na papo hapo kikawarundikia mzigo watu ambao historia ilikuwa imeshawabebesha.

Basi je, kila kinachobashiri kiruhusiwe kupanga bei? Ulaya walishakutana na swali hili kwa upande mwingine. Wanawake, hasa vijana, husababisha ajali chache kuliko wanaume. Hata hivyo Mahakama ya Ulaya iliamua mwaka 2011 kwamba jinsia isipange bei ya bima, na tangu Desemba 2012 ikawa hivyo. Mtu hakuchagua jinsia yake. Jirani yangu naye hakuchagua ukame. Na ninyi mnaolima chini huko karibu na Tsavo, ndovu akiingia usiku mmoja akamaliza mahindi, fidia ya serikali ikakawia, mkopo wa simu ukalala, ni tabia gani yenu ya barabarani iliyopimwa hapo?

Jimbo la California limechagua njia ninayoiona ya haki. Kwa sheria waliyoipigia kura mwaka 1988, vitu vitatu vinatangulia katika bei ya bima ya gari: rekodi ya uendeshaji, umbali unaoendesha kwa mwaka, na miaka ya uzoefu. Alama ya mkopo haiingii. Massachusetts na Hawaii nako wameikataza kwa magari. Vitatu hivyo dereva anaweza kuvishika mkononi: akipunguza mwendo, bei inamsikia.

Sisi Kenya tunazo nyenzo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake. Katiba, kifungu cha 27, inakataza ubaguzi na kutaja asili ya kijamii, na orodha yake imeachwa wazi. Aprili 2020, kanuni mpya za CRB zilizuia deni lililo chini ya shilingi 1,000 kumharibia mtu jina. Aliyeandika kanuni ile alielewa kwamba si kila deni lililochelewa linamweleza mwenye nalo. Nami naongeza: thadi pati tunalazimishwa na sheria kuinunua. Serikali ikikulazimisha kununua kitu, ina wajibu wa kuuliza bei yake imepangwa kwa nini.

Kwa hiyo ninaiomba Mamlaka ya Udhibiti wa Bima mambo mawili. Ikataze mapema rekodi ya mikopo kupanga bei ya bima ya gari, kabla kampuni hazijaizoea, maana mazoea yakishaingia kwenye hesabu hayatoki. Na ikae na Benki Kuu watengeneze njia ya kulipa bima kamili kwa awamu isiyopita CRB: kinga iwe ya miezi uliyolipia, ukikosa awamu kinga isimame, usiandikwe mdaiwa. Hapo benki haijakopesha, kampuni haijapoteza, na mtu wa kabichi hajafungiwa nje.

Jirani yangu alinunua Probox nyingine mwaka uliofuata, nzee kuliko ile ya kwanza, kwa pesa za chama. Yumo humu ukumbini, safu ya nyuma, na amenikataza nisimtaje jina. Ameiegesha hapo nje chini ya mkwaju. Mkitoka, tazameni kioo chake.