Mgeni, Kata na Mkoa

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanafunzi na wanachama siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa niseme juu ya kazi za Serikali. Nitashika jambo moja tu: mgeni anayetaka kubaki nchini moja kwa moja, na nani mwenye kauli juu yake.

Sisi watu wa Mazinde hatuwezi kujifanya hatulijui. Mkonge wa huko bondeni ulikatwa na manamba, wakiwamo waliotoka Burundi, Rwanda na Msumbiji, na wengi hawakurudi kwao. Nadhani wajukuu zao wamo humu ukumbini.

Sheria ya Uraia tuliyo nayo ni ya 1995. Anayeomba uraia wa tajnisi sharti awe amekaa nchini miaka iliyowekwa, ajue Kiswahili au Kiingereza, na awe na tabia njema. Waziri ndiye anayeamua. Lakini fomu haifiki kwake mpaka ipite katani, kisha kwenye kamati za usalama za wilaya na mkoa, na kila ngazi itoe maoni yake. Huko Kanada jimbo lenyewe humpendekeza mgeni linayemhitaji. Manitoba ilitia sahihi mkataba wa namna hiyo mwaka 1998. Hapa kwetu mkoa huulizwa tu kama una kipingamizi.

Tofauti hiyo si ndogo. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakafyeka pori na kulima. Mwaka 2010 zaidi ya 160,000 walikubaliwa uraia, kwa sharti la kuukana wa Burundi na kuhama makazi yale, wagawanywe mikoa mingine. Ndipo mambo yalipokwama. Mikoa iliyopangiwa haikuwa imewaomba; ikauliza, na kwa haki kabisa, ardhi iko wapi, madarasa yako wapi, zahanati iko wapi. Mpango wa kuwahamisha ukasimama. Hati hazikuanza kugawiwa mpaka 2014, wakati wa Rais Kikwete, na watu wakaachwa wabaki pale pale walipokuwa. Miaka minne mtu si Mrundi, na wala hana karatasi ya kuonyesha kuwa ni Mtanzania! Mtoto wake akienda kuomba kazi aseme nini?

Karibu na sisi, Chogo wilayani Handeni, mambo yalikuwa mepesi zaidi. Waliokuja pale walikimbia vita vya Somalia vya 1991, lakini mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka pwani yetu karne ya 19. Walifika wakisema Kizigua. Mwenyeji hakuhitaji kamati kumwambia huyu ni nani.

Lakini si kila mgeni atakuja na lugha ya bibi yako. Kwa maoni yangu mkoa uulizwe kabla ahadi haijatolewa, na ukikataa uandike sababu, si neno "hapana" na mhuri. Baadhi yenu mtakuwa watendaji wa kata kabla hamjafika miaka thelathini. Fomu hizo zitaanzia mezani kwenu.

Naona mwalimu wa zamu anatazama saa.