Friji Haiharibu Hedifoni Zako
(Mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti katika kikao cha vijana, Embu)



Swali ninaloulizwa mara kwa mara ni hili: nikiweka hedifoni juu ya friji au kando ya televisheni, sumaku itaziharibu? Jibu ni hapana.

Ndani ya hedifoni za kawaida mna sumaku ndogo na waya mwembamba uliozungushwa. Umeme wa simu ukipita kwenye waya huo, sumaku huuvuta na kuusukuma. Utando ulioshikana nao hutikisika, nasi tukasikia wimbo. Kule Kiambere, kwenye Mto Tana, kanuni ni ileile kwa kinyume: maji huzungusha sumaku kubwa kando ya waya, umeme ukapatikana.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kwa umbali wa sentimita 30, nguvu ya sumaku kutoka kwa vifaa vingi vya nyumbani huwa chini sana ya mikrotesla 100. Kudhoofisha sumaku ya hedifoni huhitaji nguvu iliyo maelfu ya mara zaidi ya hiyo. Hata ukizilaza juu ya friji, haifiki. Ukisikia mvumo karibu na chaja, huo ni usumbufu wa muda. Sogea kando, utakoma.

Basi mbona upande mmoja hunyamaza? Mara nyingi waya umekatikia ndani, karibu na plagi, kwa kukunjwakunjwa. Au jasho na mvua vimeingia. Au tundu la simu limejaa vumbi.

Kabla ya kutoa pesa, zijaribu kwenye simu nyingine. Zikilia, kasoro iko kwenye simu yako. Zisipolia, tikisa waya polepole karibu na plagi. Sauti ikija na kupotea, mpelekee fundi akuwekee plagi mpya.

Sumaku ya kuangaliwa ni ile iliyo ndani ya hedifoni zenyewe. Ikiwa nyumbani kuna mzee aliyewekewa kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo, asizitie kwenye mfuko wa shati wala kuzining'iniza shingoni. Ziwe angalau sentimita 15 kutoka mahali kifaa kilipo, kwa kuwa sumaku iliyo karibu yaweza kuvuruga utendaji wake. Nawe ukimwegemea kifuani, zivue kwanza.

Ukifika nyumbani leo, mwambie.