Juma Moja katika Kazi ya Vijana
Hotuba kwa walimu, wazee wa kanisa na sharika, Lushoto



Sisi tunaosema nanyi ni watu wawili, mume na mke, tuliofundisha miaka mingi katika shule za milima hii. Tumepewa kusema neno moja katika siku hizi za jubilii, nalo ni hili: mzee aliyekwisha kutumika miaka yake, pamoja na mkewe, ana kazi gani tena katika Kanisa? Wengine hujibu upesi, Apumzike. Wengine husema, Aketi kiti cha mbele na kutoa mashauri. Sisi twasema ya kuwa iko na kazi ya tatu, nayo ni kuondoka nyumbani na kuwaendea vijana wetu walioko mbali, walau juma moja, si kwa kuwakagua, bali kwa kushika kazi pamoja nao.

Neno hili si jipya. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 18, twasoma habari za Akila na Prisila, mume na mke, ambao kazi yao ilikuwa kushona mahema. Walipokuwa Efeso walimsikia mhubiri mmoja, jina lake Apolo, mtu hodari wa maneno na mwenye bidii, walakini mafundisho aliyoyapata yalikuwa hayajatimia. Je, walisimama katikati ya watu wakamsahihisha? La. Walimchukua kwao, wakamweleza kwa utaratibu yale yaliyompungukia. Kisha Apolo akavuka kwenda Akaya, akawasaidia sana walioamini huko. Angalieni mambo matatu: walikuwa wawili, walimfundisha faraghani, nao wakamwacha aende. Mambo hayo matatu yakishikwa, kazi ya mzee huwa baraka. Yakiachwa, huwa mzigo kwa kijana.

Sasa tuzitazame nchi zetu. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine. Mwaka ule ule, katika mwezi wa Julai, Rosine akafa, na mtoto wake mchanga akafa pia. Krapf hakurudi kwao. Mwaka 1848 alipanda milima yetu hata Vuga, kwa mfalme Kimweri ye Nyumbai, akaja tena mwaka 1852. Lakini hakujaliwa kukaa kwetu. Mwaka 1862, alipokuwa mtu wa miaka 52, na afya yake imekwisha kuharibika, alionekana tena pwani. Safari hii aliwaleta vijana wa Kimethodisti kutoka Uingereza, na mmoja wao ni Thomas Wakefield. Akawaongoza, wakaanza kazi Ribe, bara ya Mombasa. Ugonjwa ukamrudisha Ulaya mwaka ule ule. Mtu angaliweza kusema, Miezi hiyo michache ilifaa nini? Wakefield alidumu katika kazi ya pwani zaidi ya miaka 20. Hiyo ndiyo faida yake.

Tazameni na upande wa pili. Johannes Rebmann alikuja mwaka 1846, akakaa Rabai. Wenzake wa kwanza wakaondoka. Mwaka 1866 mkewe Emma akafa. Kwa miaka mingi hapakuwa na kijana kutoka kwao aliyekuja kukaa kando yake, naye akaendelea peke yake, akifundisha watu wachache na kuandika maneno ya lugha, hata macho yake yakaingia giza. Mwaka 1875, baada ya miaka 29, alirejea kwao, naye karibu kuwa kipofu kabisa. Aliyemsindikiza katika safari ile ni Isaac Nyondo, mwana wa mmoja wa Wakristo wa kwanza wa Rabai. Mwaka uliofuata Rebmann akafariki. Tukiwaza habari hizi, twaona ya kuwa si vijana tu wawahitajio wazee. Siku ya mwisho ni mzee aliyeshikwa mkono, na aliyemshika ni mwana wa nchi aliyoitumikia.

Tena tufike nyumbani. Mwaka 1891 Ernst Johanssen na Paul Wohlrab walifika Mlalo, nao walikuwa vijana. Johanssen alikuwa na miaka 27. Hawakumkuta mmisionari mzee katika milima hii wa kuwaongoza. Waliowafundisha kusema na kusalimu, na kujua la heshima na lisilo la heshima, ni wazee wa Kishambaa. Basi kumbukeni, enyi watu wa Mlalo, ya kuwa babu zenu walikuwa walimu kabla ya kuwa wanafunzi! Baada ya Mlalo kazi ikafika Mtae mwaka 1893, Vuga mwaka 1895, Lutindi mwaka 1896, na Bumbuli mwaka 1899.

Hata ulipotimia mwaka 1907, miaka 16 tu tangu siku ile ya Mlalo, Johanssen, aliyekuwa sasa mzee wa kazi, alitumwa kwenda Ruanda kuanza upya. Alikwenda pamoja na mwenzake Gerhard Ruccius, na Wakristo wa Usambara wakafuatana nao. Wakaanza Dzinga na Kirinda. Pimeni neno hili. Kanisa lililokuwa likinyonya jana, leo linatoa watu wa kwenda nchi ya mbali, penye lugha nyingine na mfalme mwingine. Na yule aliyekuwa na haki ya kukaa na kula matunda ya taabu yake Mlalo, aliyaacha akaenda kujifunza tena kusalimu, kama mtoto.

Kisha ikaja vita. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia milimani, na vita ilipokwisha wamisionari Wajerumani waliondolewa, wasirudi hata katikati ya miaka ya 1920. Mwaka 1939 ikaja vita ya pili, wakakamatwa tena, na Walutheri wa Marekani wakazisaidia kazi zilizoachwa yatima. Katika nyakati zile zote mbili, nani aliyepiga kengele Jumapili? Nani aliyewafundisha watoto, akawazika wafu, akatunza daftari la usharika? Ni walimu na wazee wa nchi hii, waliokuwa wamefanya kazi bega kwa bega na wakubwa wao, si nyuma yao. Hapo twaona kipimo cha kweli. Kazi ya mzee haipimwi siku aliyopo. Hupimwa siku aliyoondoka. Kanisa halikufa. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, na baadaye Askofu Sebastian Kolowa wa dayosisi yetu akaliongoza Kanisa hilo lote toka mwaka 1976 hata 1992.

Haya ni ya zamani. Sasa tuwaambie ya juma moja tuliloliona kwa macho yetu.

Walikuwako vijana wawili, mwinjilisti na mkewe, waliotoka milimani kwetu wakaenda kutumika ng'ambo ya mpaka, upande wa Taveta katika nchi ya Kenya, katikati ya watu wa kabila mbalimbali. Usharika ulituomba twende kuwaona. Tulitelemka Lushoto kwa basi hata Mombo, tukashika barabara kuu kupita Same, tukafika Himo, tukavuka mpaka Holili. Tulichukua maharage, viazi na unga wetu wenyewe, maana mgeni alaye chakula cha mtumishi maskini humsaidia kwa mkono mmoja na kumnyang'anya kwa mkono wa pili.

Wahenga walisema, Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tulifika Jumamosi. Jumapili tuliketi bao la nyuma pamoja na watoto. Kijana alitaka kutupa mimbari kwa heshima ya mvi zetu, tukakataa. Tulimwambia, Watu hawa ni wa zizi lako. Tukihubiri sisi leo, Jumapili ijayo watakupima kwa kipimo chetu. Jumatatu tukaomba jembe. Tulilima naye kiunga chake, kwa kuwa alikuwa hana wakati wa kulima na nyumba ilikuwa haina mboga. Jumanne tuliketi katika darasa la wale wanaojifunza kusoma, tukawasikiliza mmoja mmoja, naye akapata nafasi ya kwenda kuwatazama wagonjwa, jambo ambalo alikuwa hakuliweza kwa mwezi mzima.

Na upande wa akina mama? Yule bibi kijana alikuwa na mtoto wa kwanza, wa miezi mitatu, naye yu mbali na mama yake mzazi. Hakuna aliyemfundisha la kufanya mtoto aliapo usiku. Hapo mke alifanya kazi kuliko mume. Siku ya kwanza alimpokea mtoto, akamfunga mgongoni, akamwambia yule mama, Nenda kalale. Akalala toka asubuhi hata alasiri. Alipoamka alilia, akasema tangu mtoto azaliwe hajaota ndoto. Ndugu zetu, twawaambia kweli, mahubiri mengi tumeyasikia, lakini siku ile twaliona hubiri lisilo na maneno.

Siku ya Alhamisi, baada ya sala ya jioni, kijana alitoa barua mfukoni. Alikuwa amekwisha kuiandika kwa wakubwa, kuomba arudishwe nyumbani. Akasema, Wazee wangu, njaa tumeizoea, na dharau tumeizoea. Linalotushinda ni kwamba hapana anayeuliza habari zetu. Tungekufa hapa, mngejua mwezi wa pili.

Hatukumkemea, wala hatukumwambia aichane. Tulimweleza habari za Rebmann na giza lake, na za vijana wale wa Mlalo wasiokuwa na mkubwa wao. Kisha tukamwambia, Iweke barua yako ndani ya Biblia. Baada ya mavuno, ukiona ungali ukiitaka, ipeleke, nasi tutatia sahihi pamoja nawe, maana hapana aibu kwa mtu aliyechoka kusema amechoka. Jumamosi tukaagana. Wakatusindikiza hata barabarani, mtoto yu mgongoni mwa mamaye.

Mavuno yakapita. Barua ikaja kwetu, lakini siyo ile. Aliomba vitabu vya kusomea kumi na viwili, kwa kuwa wasomaji wameongezeka, na mkewe aliomba mbegu za maharage ya milimani. Ile ya kwanza haikupelekwa.

Basi, ndugu, twawausieni maneno manne.

Kwanza, msiende kama wakaguzi. Mwalimu kijana anawajua wakaguzi. Huwafagilia uwanja, huwafichia machozi. Mwendee kama mzazi amwendeavyo mwana aliyehama.

Pili, waende wawili, mume na mke. Mambo ya nyumba ya mtumishi hayaonekani kwa macho ya mwanamume peke yake, na mara nyingi kazi huvunjika jikoni kabla ya kuvunjika kanisani.

Tatu, kosa la kijana lisahihishwe nyumbani, mlango umefungwa, kama walivyofanya Akila na Prisila. Mbele ya watu mpeni heshima yake yote.

Nne, rudini. Mzee asiyejua kuondoka huizuia kazi aliyoipenda. Juma likiisha, chukueni mfuko wenu mwende, na kijana abaki na watu wake.

Nanyi sharika, mna sehemu yenu. Nauli ya basi na mfuko wa unga si mzigo mkubwa kwa mtaa mzima. Kila usharika uchague wazee wawili kila mwaka, mume na mke, ukawatume juma moja kwa wale mliowatoa kwenda mbali. Mliwaimbia wimbo siku ya kuwaaga. Sasa waulizeni habari zao. Na ninyi vijana, mzee akifika mlangoni kwenu, msimpe kiti cha enzi. Siku mbili mtunzeni, siku ya tatu mpeni jembe. Atafurahi kuliko mnavyodhani.

Mungu aliyewaleta vijana wawili Mlalo, akawatoa watu wa Mlalo kwenda Ruanda, asituache sisi kuwa watu wa kusimulia tu habari za baba zetu. Atupe miguu ya kwenda, mikono ya kushika jembe, na moyo wa kuondoka kwa wakati wake. Amina.