Kipimo kwa Sababu, Si kwa Mazoea

Maelezo ya mtaalamu wa maabara mbele ya mkutano wa hadhara wa kata



Imezoeleka kwamba mwenye homa asipoandikiwa vipimo vitatu au vinne hujiona hakuhudumiwa. Wengine hufika dirishani wakisema, "Nipimeni malaria na taifodi," kabla tabibu hajawasikiliza. Kwa heshima nasema: wingi wa vipimo si wingi wa tiba.

Tuanze na kipimo cha Widal, ambacho wengi hukiita kipimo cha taifodi. Hakitafuti kijidudu chenyewe, bali kingamwili ambazo mwili umezitengeneza. Kingamwili hizo huweza kubaki katika damu muda mrefu baada ya mgonjwa kupona, au kutokana na chanjo au maambukizi mengine. Hivyo mtu asiye na taifodi anaweza kuambiwa anayo. Atanunua antibiotiki asizozihitaji, vijidudu vitajenga usugu, na maradhi yake ya kweli yataendelea kumla. Uthibitisho wa kuaminika zaidi ni kuotesha vijidudu kutoka katika damu, kazi inayofanyika katika hospitali zenye uwezo huo.

Kipimo cha malaria ni jambo jingine. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limeshauri kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Hicho msikikwepe. Lakini kipimo cha haraka kisirudiwe siku chache baada ya kumaliza dozi ili kuona kama umepona, kwa kuwa mabaki ya vimelea waliokwisha kufa huweza kuonekana kwa majuma kadhaa. Homa ikirudi, damu itazamwe kwa hadubini.

Ndugu zangu, kila kitendanishi kinachotumika pasipo haja hupunguza akiba ya wote. Mjamzito anayevuja damu anapoletwa usiku, maabara haina budi kujua mara moja kundi la damu yake na kiasi cha upungufu wake. Siku hiyo vitendanishi vikiwa vimekwisha, hakuna fedha itakayofidia saa zilizopotea.

Watumishi wenzangu, nasi tuandike kipimo baada ya kumsikiliza na kumkagua mgonjwa, si kabla. Nanyi wananchi, njooni na majibu ya vipimo mlivyofanyiwa kwingineko, ili tusirudie kilichokwisha kufanyika. Kisha mwulizeni tabibu bila woga: kipimo hiki kinatafuta nini? Majibu yake yatabadilisha nini katika matibabu yangu? Hayo ni maswali ya haki, na tabibu anapaswa kuyajibu.