Mlango wa Mchumba na Mlango wa Mke
(Hotuba iliyotolewa mbele ya wazazi na vijana wa jumuiya, Nyamirambo, Kigali)

 



Wenyeji wetu wameniomba niseme juu ya jambo ambalo zamani halikuwa likiletwa kwa sheikh. Zamani mzazi alikuja kuniuliza habari za mahari, au za ukoo wa mposaji. Siku hizi anakuja na karatasi mkononi, akasema, "Sheikh, kijana yuko Uingereza, anataka kumwoa binti yangu. Tufungishe nikahi kwanza, au tungoje viza?" Nami humjibu kwa swali: nikahi hiyo mtaifungisha nchi gani, na mbele ya nani? Kwani jibu la swali hilo ndilo litakaloonyesha binti ataombewa viza ipi.

Ufalme wa Uingereza umeweka milango miwili kwa mtu anayetaka kumfuata mwenziwe aliye raia wa huko, au mwenye ruhusa ya kukaa huko daima. Mmoja ni mlango wa mchumba, na wa pili ni mlango wa mke au mume. Mwenye kuingia kwa mlango wa mchumba hupewa miezi 6 tu. Katika miezi hiyo ni sharti aolewe kwa sheria ya nchi ile, wala haruhusiwi kufanya kazi ya mshahara. Akiisha kuolewa huomba upya, huko huko, ruhusa ya kukaa kama mke. Mwenye kuingia kwa mlango wa mke hupewa miezi 33, na tangu siku anayofika anaweza kufanya kazi. Kadhalika, miaka 5 inayohesabiwa kabla ya kuomba ukaazi wa daima huanza kwa mke, lakini ile miezi ya uchumba haihesabiwi.

Tazameni na gharama. Kwa viwango vilivyowekwa mwezi wa Aprili 2025, ada ya kuomba kutoka nje ilikuwa paundi 1,938, ikiwa ni mchumba au ikiwa ni mke. Lakini mchumba, akiisha kuolewa, alidaiwa tena paundi 1,321 kwa ombi la pili. Kodi ya matibabu, ambayo tangu Februari 2024 ni paundi 1,035 kwa mwaka, mke huilipa mapema, jumla paundi 3,105. Mchumba hailipi mpaka afanye ombi la pili. Basi asiseme mtu kwamba mlango wa mchumba ni rahisi kwa sababu mwanzoni fedha ni chache. Ada hizi hupandishwa mara kwa mara, kwa hiyo kila mwenye kuomba na atazame viwango vya siku yake.

Sasa nije kwenye jambo letu wenyewe, nalo ndilo lililonileta hapa.

Sisi Waislamu tunajua kwamba nikahi ikitimia kwa walii, mashahidi, mahari, na ijabu na kabuli, basi hao ni mume na mke. Hilo halina mjadala msikitini. Lakini katika nchi yetu ya Rwanda, Katiba katika kifungu cha 17 inatambua ndoa moja tu, yaani ndoa ya serikali ya mume mmoja na mke mmoja, ile inayofungwa mbele ya msajili. Nikahi iliyofungwa Biryogo kwa shangwe na pilau, ikiwa haikufuatana na cheti cha sekta, kwa karatasi za serikali si ndoa. Na Mwingereza, akitaka kujua kama ndoa ni halali, hutazama sheria ya mahali ilipofungwa. Kwa hiyo binti yule aliyekwisha kuwa mke mbele ya Mungu na mbele ya majirani, akienda kuomba kwa mlango wa mke ataambiwa hana ndoa.

Geuzeni upande wa pili. Jirani zetu wa Uganda wana sheria ya ndoa za Waislamu tangu mwaka 1906, na Tanzania inazitambua katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Wengi wetu tuna jamaa Kampala, na wapo wanaopeleka arusi huko kwa sababu bibi na wajomba wako huko. Nikahi ile ile, maneno yale yale, ikifungwa na kuandikishwa kwa sheria ya huko, ni ndoa kamili. Binti huyo hawezi tena kujiita mchumba. Akijaza karatasi za uchumba atakuwa amesema uongo, na adhabu ya udanganyifu katika maombi ya Uingereza yaweza kuwa kufungiwa mlango kwa miaka 10. Nimesikia watu wakishauriana kwamba nikahi ifichwe. Mimi sitaki kuona msikiti wetu ukishiriki katika shauri la namna hiyo. Kama nikahi imekwisha fungwa, itajwe katika barua ya maombi, ielezwe ni wapi na kwa sheria gani.

Jambo linalonitia hofu zaidi ni hili. Binti anapelekwa kwa viza ya uchumba. Akifika huko, nikahi inafungwa sebuleni kwa ndugu wa mume, watu wanakula, wanaondoka. Ndoa ya serikali inaahirishwa: leo mume ana kazi, kesho hana fedha. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua katika kesi ya mume na mke Waislamu, waliofunga nikahi London mwaka 1998 bila ya kuandikisha, kwamba sherehe ile haikuwa ndoa katika sheria ya huko. Na hao walikuwa wamekaa pamoja miaka mingi, wakazaa watoto! Sembuse binti yetu mwenye miezi 6, asiyeruhusiwa kufanya kazi, asiye na mama wala shangazi katika mji ule. Miezi ikiisha, yeye si mke wala hana ruhusa ya kukaa.

Kwa hiyo shauri langu kwa wazazi ni kwamba, inapowezekana, bwana arusi na aje. Ndoa ifungwe sekta, na nikahi msikitini, katika juma moja, kisha binti aombewe kwa mlango wa mke. Hapo huenda akingoja hapa miezi kadhaa mbali na mumewe, na hilo ni zito kwa vijana, silifichi. Lakini anangoja kwao, akiwa na cheti chake.

Kijana naye ajiandae kabla ya kukata tikiti. Ataulizwa hati ya kuonyesha kwamba hana mke mwingine. Hati hiyo huombwa kwa msajili wa wilaya anayokaa huko Uingereza, na tangazo lake hukaa siku 28. Mtu mwenye likizo ya wiki mbili asije mikono mitupu akategemea kwamba watu wa sekta watamwonea huruma. Na umri utazamwe: sheria yetu ya ndoa inataka miaka 21, ingawa sheria ya mwaka 2024 imefungua njia ya ruhusa maalumu kwa aliyetimiza 18. Uingereza wote wawili lazima wawe wametimiza 18.

Sisemi kwamba mlango wa mchumba haufai kabisa. Yuko kijana ambaye mama yake ni mgonjwa huko na hawezi kusafiri, naye anataka kuiona arusi. Wako wasioweza kupata hati kwa wakati. Ikiwa ni hivyo, walii asitoe binti kabla ya kuona mambo mawili: jina la ofisi ya msajili itakayofunga ndoa, na nafasi iliyokwisha kuwekwa ya kwenda kutoa taarifa ya ndoa. Maharusi watatakiwa wawe wamekaa katika wilaya siku 7 kabla ya taarifa, na baada yake wangoje siku 28. Miezi 6 si mingi kama inavyosikika. Au msikiti wa huko uwe umesajiliwa kwa kufungisha ndoa za serikali. Iko misikiti ya namna hiyo, lakini si yote.

Ama mali, milango yote miwili ina kizingiti kimoja. Tangu tarehe 11 Aprili 2024 aliye Uingereza lazima aonyeshe kipato cha paundi 29,000 kwa mwaka, au akiba ya paundi 88,500 iliyokaa mikononi mwake miezi 6. Mshahara wa binti anaoupata hapa Kigali haumo katika hesabu hiyo, wala ahadi ya mjomba kwamba atawasaidia. Posa ikija, baba ana haki ya kuuliza habari hii bila ya haya, kama alivyouliza habari za mahari. Na binti aanze mapema kujifunza Kiingereza, kwani kuna mtihani, hata kama ni wa daraja la kwanza.

Neno fupi kwa wale ambao posa zao zinatoka Kanada. Kule mlango wa mchumba uliondolewa mwaka 2002, umebaki wa mke na mume. Na tangu Juni 2015 hawakubali ndoa iliyofungwa ilihali mmoja wa maharusi hakuwapo mwenyewe, ikiwa ni kwa wakala au kwa simu. Najua fikihi inamruhusu mtu kuweka wakala. Lakini mwenye kufungisha kwa wakala, halafu akapeleka cheti kile Kanada, atarudishiwa.

Mkutano ukiisha nitakuwa hapa barazani mpaka alasiri. Mwenye karatasi zake na azilete tuzitazame pamoja, na binti mwenyewe aje, asiletwe jina lake tu. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.