Picha ya Moyo: Nani Anapaswa Kupigwa?

Ninyi munaokaa nyuma, sogeeni karibu. Watoto wakilia si kitu, muwape ziwa.

Juma lililopita mama mmoja aliniuliza: «Muganga, ndugu yangu wa mjini ananiambia niuze mbuzi wangu wawili, nipande gari, niende kupigwa picha ya moyo. Anasema ugonjwa wa moyo unaua watu wanaojiona wazima. Nifanye namna gani?» Swali lake ni zuri. Leo nawajibu ninyi wote.

Picha ile ni nini? Moyo unasukuma damu mwilini usiku na mchana. Lakini moyo wenyewe unataka damu vilevile, na kuna mishipa midogo inayoulisha. Kwa miaka mingi mafuta yanaganda ndani ya mishipa ile, kisha yanakuwa magumu kama chokaa. Njia inakuwa nyembamba. Siku moja damu inaganda pale, njia inazibwa, na sehemu ya moyo inakufa.

Mashini inayoitwa skanere inapiga picha ya kifua, na muganga anahesabu chokaa ile. Namna hii ya kuhesabu ilitolewa mwaka 1990. Hesabu ikiwa 0, hatari ni ndogo kwa miaka inayokuja. Ikipita 100, muganga anafikiri juu ya dawa. Ikipita 400, hatari ni kubwa. Lakini sikieni vizuri: picha inaona chokaa tu. Mafuta yaliyo laini bado, haiyaoni. Tena picha haiponyeshi mtu. Inafaa zaidi mtu aliyepita miaka 40, ambaye muganga hajui kama ampe dawa ao hapana. Mama kijana, karibu kila mara ni 0. Mama mwenye mimba asipigwe picha hii bila sababu kubwa, juu ya mtoto aliye tumboni.

Kuna watu wanaoitwa Tsimane, katika pori la Bolivia, Amerika ya Kusini. Waganga waliwapiga picha hii watu 705, wenye miaka 40 mpaka 94, na habari ilitolewa mwaka 2017. Katika kila watu 100, 85 hawakuwa na chokaa hata kidogo! Wanakula mchele, ndizi, muhogo, mahindi na samaki. Wanalima, wanatembea sana, na wachache tu wanavuta tumbako. Wamama, chakula kile hakiko mbali na chenu. Musikidharau.

Basi, yule mama nilimwambia nini? Sikumwambia kitu mbele ya kumpima tansio. Ilikuwa 17/10! Nikamwuliza juu ya mimba zake. Akasema: «Mimba ya pili miguu ilivimba, tansio ikapanda. Kisha kuzaa nilijisikia muzuri, sikurudi tena.»

Hapo ndipo hatari ilipokuwa. Mama aliyepata tansio ya mimba pamoja na protini katika mkojo, hatari yake ya ugonjwa wa moyo miaka ya nyuma ni karibu mara 2 kuliko ya mwingine. Kwa hiyo huyu mama hakuwa na haja ya kuuza mbuzi. Alikuwa na haja ya dawa ya kila siku na ya kurudi kupimwa.

Mushike haya:

1. Mupimwe tansio, hata kama hamusikii maumivu. Ikifika 14/9, murudi ipimwe tena.
2. Uliyepata tansio ao sukari katika mimba, tuambie, hata kama ni zamani.
3. Mupunguze chumvi. Tumbako muache kabisa, na baba vilevile.
4. Dawa ya tansio usiiache kwa sababu umejisikia muzuri. Umejisikia muzuri kwa sababu unaimeza.

Neno la mwisho. Mtu akibanwa kifuani, maumivu yakishuka mkononi ao kupanda shingoni, akitoka jasho la baridi, musingoje asubuhi. Kwa mwanamke mara nyingine ni pumzi fupi, kichefuchefu ao uchovu mkubwa wa gafula. Musiseme ni vidonda vya tumbo tu. Mumulete palepale, asitembee kwa miguu.

Sasa, mbele ya kurudi nyumbani, kila mama apite kwenye meza ya kipimo, atoe mkono wake.