Sakafu Isiyooza

Tuko hapa Kisumu, kando ya Ghuba ya Winam. Somo letu la leo limo katika Injili ya Yohana, mlango wa 13, mstari wa 1 hadi wa 17, habari za Bwana akiwaosha miguu wanafunzi wake. Lakini kabla ya kulifikia, mtuwie radhi tuanze na habari za sakafu.

Mbele ya kanisa letu ipo baraza ambapo watu huketi baada ya ibada, na akina mama hukutanika hapo kila Alhamisi. Zamani sakafu yake ilikuwa ya mbao za miti. Mchwa waliila upande mmoja, na mwaka 2020, ziwa lilipofurika na maji kuingia majumbani mwa watu, upande wa pili ukaoza.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Machi 2021, ikaja hapa Kisumu ile jahazi iitwayo Flipflopi, iliyoundwa Lamu na kushushwa majini mwaka 2018. Iliundwa kwa plastiki iliyookotwa, na ubavuni imepambwa kwa vipande vya ndara kuukuu. Ilisafiri katika ziwa letu, Kenya, Uganda na Tanzania, ikiwafundisha watu wasitupe plastiki ovyo. Nasi tukasema, kama plastiki yaweza kuwabeba watu juu ya mawimbi, haitashindwa kubeba viti vya kanisa. Tukachanga, tukanunua mbao za plastiki, zile zinazotengenezwa kwa takataka zilizoyeyushwa, na fundi akazipigilia.

Siku ya kuiweka wakfu baraza hiyo, sisi wenyewe tulisimama mbele ya watu tukasema maneno ambayo leo twayajutia. Tulisema, "Sakafu hii haiozi, hailiwi na mchwa, wala haitaki rangi. Kazi imekwisha." Watu wakapiga makofi. Na ni kweli, haiozi. Lakini hatukusema kwamba kitu kisichooza huchafuka.

Miezi ikapita. Ninyi mkaao kando ya ziwa mwawajua wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka majini kama wingu la moshi na kuifuata taa usiku. Asubuhi walikuwa wamelala wafu juu ya baraza. Majani ya mwembe yakaanguka. Vumbi likaja, na mafuta ya samaki yakadondoka siku za karamu. Yote hayo yakaingia katika nafasi zilizo kati ya ubao na ubao, nafasi ambazo fundi aliziacha ili maji yapite. Maji yakakosa njia. Kisha zikaja mvua za masika, na pale penye kivuli ukaota utando wa kijani. Utando ule hauli plastiki; hula uchafu uliolala juu yake. Sisi tulipita kila Jumapili tumevaa kanzu, tukauona, tukasema moyoni, "Hii haiozi."

Jumapili moja mama mmoja mzee, mjane, aliteleza mlangoni akavunjika mkono. Tulipokwenda kumwona hospitalini tulimwambia, "Pole sana, Mama. Ni hii mvua." Akatutazama, akasema, "Pastor, si mvua. Mvua nimeijua tangu utoto. Mlituambia haioshwi."

Hatukuwa na la kumjibu.

Jumamosi iliyofuata tukaja na hasira ya mtu aliyeaibika. Tulileta brashi ya waya, mchanga, na dawa kali ya kuondoa madoa. Tukasugua mpaka jasho likatutoka. Sakafu ikapauka, tukafurahi. Lakini baada ya majuma machache utando ulirudi, tena kwa nguvu. Fundi alipokuja alipiga magoti, akapitisha kidole juu ya ubao, akatuonyesha mikwaruzo. "Mmeulimia uchafu mashamba," akasema. "Sasa una mahali pa kujificha." Na zile chembe tulizozikwangua, zilikwenda wapi? Zilifuata mtaro, na mtaro huenda ziwani. Mwaka 2016 wataalamu walichapisha habari za mbuta na ngege walionunuliwa sokoni Mwanza, ng'ambo ya ziwa hili letu. Kwa kila aina, karibu samaki mmoja katika watano alikutwa na vipande vya plastiki tumboni. Basi hasira yetu ilimdhuru jirani, wala haikuisafisha baraza.

Fundi akatufundisha njia yake, nayo ni nyepesi. Kwanza fagia, ukiwa mkavu. Kisha chukua kijiti chembamba kisicho na ncha kali, utoe uchafu ulioganda kati ya mbao, ili maji yapate njia. Mwaga maji, uache uchafu ulainike. Tia sabuni kidogo katika ndoo ya maji ya uvuguvugu, usugue kwa brashi ya nyuzi laini, ukifuata urefu wa ubao. Suuza vizuri, maana sabuni ikibaki nayo huteleza na kunasa vumbi. Mafuta yakimwagika, yafute siku ile ile. Maji machafu yamwage nyasini, mbali na mtaro, kwa kuwa ziwa letu limekwisha kushiba mbolea zinazolisha magugu maji. Punguza matawi yanayoleta kivuli. Na zaidi ya yote, rudia. Osha kidogo kila juma, usingoje kuosha kwa vita mara moja kwa mwaka.

Wapenzi, sasa twaweza kulifikia somo letu. Petro alikataa kuoshwa miguu. Alipoambiwa kwamba asipooshwa hana fungu pamoja na Bwana, akataka aoshwe hata mikono na kichwa. Bwana akamweleza kwamba mtu aliyetoka kuoga hana haja ya kuogeshwa upya mwili mzima. Ni miguu tu iliyoshika vumbi la njia. Ubatizo wetu ni mmoja, haurudiwi. Alichokiweka Mungu ndani yetu hakiozi. Lakini njia ina vumbi, ndiyo sababu katika ibada twapiga magoti kuungama, tena na tena.

Wako kati yetu wanaosema, "Mimi nimeokoka, sina la kuungama." Hao ni sisi siku ile ya kuweka wakfu. Uchafu wao hauwaangushi wao kwanza. Humwangusha mjane anayepita mlangoni pao, mke, mtoto, mtumishi wa nyumbani. Tena wako wanaojichukia, ambao kila wakikosa hujisugua kwa brashi ya waya, kwa kujitukana na kukata tamaa. Hao nao wanajikwaruza tu. Bwana hakutumia waya. Alijifunga kitambaa, akachukua beseni na maji, akainama.

Nasi tumejifunza kuinama. Maana zile nafasi kati ya mbao haziwezi kusafishwa na mtu aliyesimama. Sharti upige magoti. Tumeandika zamu ya kila Jumamosi na kuibandika mlangoni, na jina la kwanza ni la mchungaji. Yule mama alirudi kanisani, mkono wake umepona lakini haunyoki sawasawa. Hatuwezi kuunyosha. Alisimama ukingoni mwa baraza, akaijaribu sakafu kwa fimbo yake mara mbili, ndipo akakanyaga. Kila Jumapili huijaribu hivyo mpaka leo, nasi hatumlaumu. Tulimwomba msamaha mbele ya watu wote, maana mbele ya watu wote ndipo tulipojisifu.

Msikilizaji, ni nani anayepita mlangoni pako? Leo, kabla jua halijatua, kitazame kile ulichosema hakihitaji kuoshwa.

Natuombe. Ee Bwana Yesu, uliyeinama mbele ya miguu ya rafiki zako, tusamehe kwa ajili ya wale walioanguka kwa uzembe wetu. Utuoshe leo, na kesho tena. Utupe magoti yasiyoona haya kuinama, na mikono ya upole. Amina.